Mama alisaini nyuma yangu Oktoba 14, jana kituoni jina lake halikuonekana

cherehani_4 (mleta uzi)
Novemba 28, 2024, saa 6:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mama nimemlaza sasa hivi, miguu imevimba, na mimi usingizi haunijii. Bora niandike wakati kila kitu bado ninacho kichwani. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Ni kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa wa jana. Niseme mapema, sikuja kuzungumzia chama. Aliyepita mtaani kwetu amepita, nitamsalimia kesho nikikutana naye. Ninazungumzia kituo, orodha, na mama yangu mwenye miaka 71.

Tunakaa Mbagala. Mtaa sitautaja na kituo sitakitaja. Dada aliyekaa pale mezani ni mtu wa huku huku, watoto wake wanasoma na wangu, na sitaki abebe peke yake mzigo ambao si wake peke yake.

Tulijiandikisha Oktoba 14. Siku naikumbuka kwa sababu ilikuwa Nyerere Day, cherehani nilikuwa nimeifunika. Mwandikishaji alikaa chini ya mwembe na daftari lake. Anakuuliza jina, umri, unakaa wapi, unasaini, basi. Mimi nikasaini, mama akafuata nyuma yangu papo hapo, akaweka dole gumba. Alipomaliza akauliza, "Mwanangu, risiti yangu iko wapi?" Yule kijana akamwambia kwa adabu kabisa, "Bibi, uchaguzi huu hauna kadi, jina lako limeshaingia." Mama akanitazama mimi. Nikamwambia twende.

Jana tulitoka nyumbani saa 1 na nusu. Vituo vinafunguliwa saa 2 na kufungwa saa 10 jioni, nikasema mpaka saa 3 tutakuwa tumerudi, nina sare za watu za kumaliza. Mama alivaa doti mpya ya khanga aliyoiweka tangu Idd. Kadi yake ya mpiga kura aliifunga kwenye pindo la khanga, ingawa nilishamwambia kitambulisho chochote kinatosha.

Orodha zilikuwa ukutani. Nawaombeni mzione kama nilivyoziona. Ni karatasi zilizoandikwa kwa mkono, zimebandikwa kwa gundi ya unga, nyingine juu ya nyingine. Mvua ya vuli ilikuwa imezipiga, wino wa bluu umeteremka mpaka chini kama machozi ya mtoto. Majina hayakupangwa kwa A, B, C. Yamefuata siku na mpangilio ambao watu walijiandikisha. Kwa hiyo ukitaka jina lako lazima ukumbuke ulikwenda siku gani na mbele yako alikuwa nani. Watu wamejaa ukutani, kila mmoja anashusha kidole. Kulikuwa na kitoto cha darasa la tano hivi, kimejitolea chenyewe kuwasomea wazee. Bibi anakitajia jina, kinaanza karatasi ya kwanza. Kikimaliza karatasi zote bila kulipata, kinasema, "Bibi, tuanze tena labda nimeruka."

Mimi nilijiona. Namba 213.

Mama alipaswa kuwa 214. Tulisaini tumefuatana. 214 ni mwanaume nisiyemjua.

Nikaenda mezani. Nikaambiwa niangalie karatasi zote. Nikaangalia zote mara mbili, na yule mtoto akaangalia mara ya tatu. Hakuna. Nikarudi, nikaomba lifunguliwe daftari lenyewe la siku ile, lile lenye dole gumba la mama. Msimamizi akasema kituoni kuna orodha tu, daftari liko ofisini. Nikamkalisha mama kwenye tofali chini ya turubai, nikaenda ofisini. Kufuli. Mlinzi ananiambia wote wako vituoni. Nikarudi kituoni, naambiwa anayehusika amekwenda kituo kingine. Hapo ni saa 6, jua limewaka baada ya ile mvua, mchanga unafuka mvuke.

Nilipiga kura yangu, sitaficha. Mama aliniambia, "Nenda wewe, isipotee na ya kwako." Nimetumbukiza karatasi kwenye sanduku huku ninamwona kwa pembeni amekaa pale na khanga yake mpya.

Saa 8 mama mmoja wakala akanivuta pembeni, akasema mtaa huu una vituo vitatu, jaribu kile cha mbali. Nikakodi bajaji. Na kweli, kwenye karatasi ya mwisho kabisa, karibu na kona, jina la mama lipo. Isipokuwa jina la mama lina H katikati, wao wameliandika bila H. Na kwenye safu ya jinsia wameandika ME.

Nikamfuata mama, nikamleta. Kadi mkononi. Msimamizi wa pale akatazama kadi, akatazama orodha. Jina haliendani, jinsia haiendani. Mawakala, na walikuwa wa vyama tofauti, wote wakasema huyu ni bibi yetu, tunamjua miaka. Hakuna aliyempinga. Msimamizi akapiga simu juu. Haipokelewi. Akapiga tena. Tukaambiwa tusubiri. Mama akasimama, maana kiti kilichokuwepo ni cha karani. Saa 10 ikafika. Waliokuwa kwenye mstari wakapiga kura zao, wakaisha, sisi tumesimama pembeni kwa sababu hatukuwa kwenye mstari, tulikuwa "tunasubiri simu". Akaniambia, "Dada nisamehe, sina mamlaka." Nilimwona machoni, hakuwa na ubaya. Akafunga.

Kwenye bajaji mama hakusema kitu mpaka tumefika Rangi Tatu. Ndipo akasema, "Mwaka tisini na tano tulipanga foleni mara mbili, na mara zote mbili nilipiga."

Wasiojua: Oktoba 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, hapa Dar vifaa vilichelewa, mambo yakavurugika, kura za majimbo yote 7 zikafutwa. Watu wakarudi kupiga upya Novemba 19. Mama alikuwa na ujauzito wa mdogo wangu, alirudi. Mama huyo huyo ndiye aliyeshindwa kupiga kura jana.

Na mnajua kwa nini aling'ang'ania uchaguzi huu kuliko hata wa rais? Baba alipofariki, mirathi ilianza na barua ya mtaa. Mwenyekiti ndiye aliyetuandikia, ndiye aliyekaa kwenye kikao cha ukoo wakati baba wadogo wanataka nyumba. Mama husema rais anamwona kwenye televisheni, mwenyekiti anamgongea mlango.

Nimeandika nimechoka, makosa mtanirekebishia.

---

Boda la Kijichi

Pole sana dada, na mpe pole bi mkubwa. Mimi kwetu nilijiona dakika tano nikapiga nikaondoka, kwa hiyo sikudhani kuna watu yamewakuta haya. Hiyo ya 214 imeniuma. Yaani mmefuatana kabisa!

---

Kiroboto wa Ukutani

Nikupinge kidogo mleta uzi, kwa heshima. Uandikishaji ulifungwa Oktoba 20, orodha zikabandikwa kwa makusudi ili watu wakague na waseme kama kuna kosa. Muda ulikuwepo. Wangapi walikwenda? Tunakwenda siku yenyewe, halafu tunalia. Jina la mama lingekaguliwa mapema, ile H ingerudi mahali pake na hiyo ME ingefutwa.

---

cherehani_4 (mleta uzi)

Mkuu Kiroboto, umesema kweli na sitakupinga kwa hilo. Nilikwenda kukagua. Nilipoona 213 ni mimi nikaridhika, nikajua wa nyuma yangu ni mama. Sikushusha kidole mstari mmoja zaidi. Hilo nalibeba, na nimemwambia mama hivyo hivyo.

Lakini nami nikuulize. Mzee asiyesoma, anayekaa na mjukuu wa miaka sita, anakagua vipi karatasi za mkono zisizo na mpangilio, tena kwenye vituo vitatu, akiwa hajui kwamba kuna vituo vitatu? Nafasi ya kukagua ipo, sikatai. Ila imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe na mimi.

---

karani_wa_zamani

Niliwahi kuwa mwandikishaji kwenye uchaguzi kama huu, si wa mwaka huu na si Dar. Ngoja nieleze jina la bibi lilivyosafiri, maana naliona kabisa.

Daftari unaandika kwa mkono mchana kutwa. Watu wanakuja kwa mafungu, asubuhi na jioni baada ya kazi, katikati unapiga miayo. Siku zikiisha, majina yananakiliwa kwenye orodha, kwa mkono tena. Mtaa ukiwa mkubwa orodha inagawanywa kwa vituo. Sisi tulikaa watu wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika, usiku, taa ya simu. Anayesoma akitamka jina haraka, H haisikiki. Jaribuni wenyewe. Jinsia tulikuwa tunashusha ME, ME, ME, KE kwa haraka, ukiteleza safu moja wanawake kumi wamekuwa wanaume. Na ukurasa ukigeuzwa mbili mbili, wa chini wake anajikuta kwenye fungu la kituo kingine.

Hakuna aliyetutuma tufanye vibaya. Tulikuwa tumechoka na kesho yake asubuhi karatasi zinatakiwa ukutani. Nilipoona uzi huu nimejiuliza nilimwacha nani.

Mwaka huu walioandikishwa nchi nzima ni zaidi ya milioni 31, ndani ya siku 10, kwa kalamu. Pigeni hesabu wenyewe ya kuteleza kidogo kidogo.

---

Bwana Shamba

Karani, asante kwa ukweli wako.

Kwetu sisi ni kijijini, tunapiga za kijiji na kitongoji. Nawakumbusha mwaka 2014, Desemba 14, kuna maeneo mengi karatasi zilichelewa, nyingine zilikuja na majina ya wagombea yamekosewa, wakarudia Jumapili iliyofuata. Mimi ni mmojawapo wa waliorudia. Mke wangu hakurudi, alisema mihogo haisubiri. Kisha 2019 kitongojini kwetu hatukupiga kura kabisa, mgombea alipita bila kupingwa. Vyama vikubwa vya upinzani vilikuwa vimejitoa. Kwa hiyo kijana wangu aliyetimiza 18 mwaka ule, jana ndiyo mara yake ya kwanza kuona sanduku la uchaguzi wa huku chini, na ana miaka 23.

Mama wa mleta uzi amejitahidi kuliko sisi wengi.

---

Dada wa Nyegezi

Mimi yangu ni nyingine, labda itasaidia mtu. Sikujiandikisha Oktoba. Nina kadi ya mpiga kura, ya plastiki, ina picha yangu, nikajua inatosha. Jana nafika, naambiwa hii ni kitambulisho tu, kwenye orodha haupo. Nimesimama pale na kadi inayosema kwa maandishi makubwa kwamba mimi ni mpiga kura. Sijawahi kujisikia vile.

Mtu anielezee kwa lugha ya nyumbani, hivi haya madaftari yako mangapi?

---

karani_wa_zamani

Mawili, dada. Daftari la kudumu ni la Tume ya Uchaguzi, ndilo linalotoa kadi, linatumika kwa rais, wabunge na madiwani. Hili la juzi ni la serikali za mitaa, linasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia mikoa na serikali za mitaa, linaandikwa upya kila uchaguzi, na linahitaji uwe mkazi wa mtaa au kitongoji hicho. Kuwa kwenye la kwanza hakukuingizi kwenye la pili. Na mwaka huu yamegongana: la kudumu lilianza kuboreshwa Julai kutokea Kigoma na linazunguka mikoa, katikati hapo likaja hili la mitaa. Watu waliposikia "nenda ukajiandikishe", wengi wakasema sisi tayari. Si wewe peke yako.

---

Mpwani wa Mombasa

Jirani zenu tunafuatilia. Pole bi mkubwa. Huku kwetu kabla ya siku yenyewe 2022 ulikuwa ukituma namba ya kitambulisho na mwaka wako wa kuzaliwa kwa meseji, unajibiwa kituo chako ni kipi. Siku yenyewe unaweka kidole kwenye kijimashine, picha yako inatokea. Si kwamba hatuna matatizo, sisi Mombasa mwaka huo huo kura ya gavana iliahirishwa usiku wa kuamkia uchaguzi kwa kuwa karatasi zilikuwa na makosa, tukarudi tarehe 29 Agosti na wengi hawakurudi. Lakini nyanya yangu alijua kituo chake akiwa jikoni.

---

Kiroboto wa Ukutani

Mleta uzi, nimesoma jibu lako na la karani. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine nabaki nayo: tukague. Lakini ungekuwa wewe ndiye unapanga, ungefanya nini? Tusilalamike tu.

---

cherehani_4 (mleta uzi)

Nimeshinda leo na sindano mkononi nikiliwaza hilo, mkuu.

La kwanza ni ile risiti ya mama. Nikishona gauni la mtu, namkatia kikaratasi. Namba yangu, namba yake, siku ya kuchukua. Akija fundi mwingine dukani mimi sipo, kile kikaratasi kinatosha. Gharama yake haifiki hata bei ya kifungo. Mama angekuwa na kikaratasi chenye 214 na mhuri, mazungumzo ya jana yangekuwa mengine kabisa. Badala ya yeye kuthibitisha kwamba yupo, wao ndio wangetafuta wamemweka wapi. Hapa ndipo penye uchungu wangu wote. Kosa lilifanyika upande wa meza, lakini aliyetembea juani kulitafuta ni aliyekuja kupiga kura.

Halafu daftari la dole gumba liwe karibu na kituo siku hiyo, lisifungiwe kwenye chumba chenye kufuli. Na awepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana papo hapo. Yule msimamizi alikuwa na mawakala wa pande zote wanaokubaliana, ana kadi, ana bibi mbele yake, na bado alikuwa anangoja simu ipokelewe. Hata angesema hapana na kunipa karatasi ya kueleza sababu, ningeondoka nimeumia lakini najua kwa nini. Jana tumeondoka bila ndiyo na bila hapana. Saa ndiyo iliyoamua.

Majina kwa A, B, C nadhani hata sina haja ya kueleza. Na vituo vyote vya mtaa vibandike orodha zote.

Nimeandika malalamiko kwa mkono, nimepeleka ofisini, yule dada wa mezani ndiye aliyeyapokea. Ameyasoma yote mbele yangu. Akaniomba nimsalimie mama.

---

Boda la Kijichi

Kikaratasi cha fundi! Hii ipelekwe mbele.

---

Dada wa Nyegezi

Naunga mkono. Ila nami nimejifunza, Tume ikipita tena kwetu nitauliza kila kitu, hata wakinichoka.

---

cherehani_4 (mleta uzi)
Machi 19, 2025

Wakuu, naufufua uzi kwa taarifa fupi, kuna watu wamenifuata inbox wakiulizia hali ya mama.

Malalamiko yangu sikujibiwa. Mwenyekiti mpya tunaelewana naye, amekuja nyumbani mara moja kwa shughuli nyingine na mama alimpikia chai, hakumgusia lolote.

Zoezi la daftari la kudumu limefika Dar, limeanza tarehe 17 na litafungwa 23. Walio Dar msisubiri siku ya mwisho. Kadi ya mama picha ilikuwa imefutika kabisa, na kubadilisha kadi iliyochakaa kunaruhusiwa, kwa hiyo leo nilifunga duka nikampeleka. Alikataa bajaji, akasema atatembea polepole.

Safari hii ni mashine. Amepigwa picha, ameweka vidole, na kadi imetoka pale pale, bado ina joto. Kijana alipomkabidhi, mama hakuipokea. Akamwambia, "Nisomee."

Yule kijana akasoma jina.

Mama akasema, "Herufi moja moja." Watu nyuma yetu walikuwa kama arobaini. Kijana akasoma herufi moja moja, alipofika kwenye H mama akainua kidole, akamwambia aendelee. Akamuuliza, "Na hapo nimeandikwa mwanamke?" Akajibiwa ndiyo bibi, mwanamke. Ndipo akaipokea, akaifunga kwenye pindo la khanga, akavuta fundo kwa meno.